Mawese, dagaa na presha ya mama wa Kibirizi

Swali: Habari za kazi, mwanangu daktari. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Mwanga hapa Kigoma, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Nimepimwa presha siku mbili tofauti, ya kwanza ikasoma 156 kwa 98, ya pili 152 kwa 96. Nikapewa vidonge vya mwezi mmoja, presha ikashuka, nikaacha. Sasa binti yangu aliyeko Dar hanipi nafasi kwa simu: mama acha mawese, acha dagaa, nunua mafuta ya zeituni, anza kukimbia asubuhi, punguza mawazo. Nikiacha mawese na dagaa, Kigoma hii nitakula nini? Nikimbie na magoti haya? Na mawazo nitayapunguzaje wakati marejesho ya mkopo ni kila Ijumaa? Dada yangu alianguka ghafla mwaka juzi, hakuamka tena. Naogopa.

Jibu: Shikamoo mama, na pole sana kwa dada. Binti yako usimkasirikie, ana uchungu na mama yake na yuko mbali. Ila jambo hili amelishika mkiani. Amekumbuka vitu vya jikoni kwako, mawese na dagaa, na pengine hajui kile ulichokiandika kwa kupitia tu: "presha ikashuka, nikaacha." Tungekuwa tumekaa pale mwaloni tunaongea, hapo ndipo ningekukatiza.

Presha yako haikushuka kwa kuwa imepona. Ilishuka kwa kuwa vidonge vilikuwa kazini. Mitumbwi unaijua kuliko mimi. Uliofungwa vizuri hutulia hata ziwa likichafuka, na sijamwona mtu akisema kwa kuwa umetulia basi kamba ifunguliwe. Ukiacha dawa, baada ya siku kadhaa au wiki chache presha hurudi pale pale ilipokuwa, na hurudi kimyakimya. Najua wengi wanasema "mimi presha ikipanda najijua", eti kichwa kinagonga, kisogo kinavuta. Si kweli, mama. Nimempima mzee mwenye 190 kwa 110 huku anawatania wenzake kwenye benchi, hana hata kikohozi. Na nimempima mwenye kichwa kinachompasuka, presha yake 118 kwa 76. Huyo alikuwa na njaa.

Zile namba mbili, ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unapominya, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumua kati ya pigo na pigo. Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Kila pigo likisukuma dhidi ya mishipa iliyokaza, msuli wa moyo hunenepa kama mkono wa mpiga kasia. Kwa mpiga kasia huo ni uzima, kwa moyo ni hasara: unakuwa mgumu, unajaa damu kwa shida, na mwisho unachoka. Njiani mishipa midogo ya ubongo, figo na macho inaumia pia. Sikumwona dada yako, kwa hiyo sitasema kilichomwangusha. Ila ndugu wa tumbo moja akianguka hivyo, sisi madaktari tunakuwa wakali zaidi kwa waliobaki. Na hauko peke yako: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika ni mojawapo ya kanda zenye presha nyingi, zaidi ya robo ya watu wazima.

Kwa hiyo la kwanza ni kurudi kliniki na kurudishiwa dawa. Ikiwa kidonge kilikuletea shida, sema. Kuna kinachovimbisha vifundo vya miguu, kuna kinacholeta kikohozi kikavu kisichoisha, na wengi huacha kwa sababu hizo bila kumwambia mtu. Vipo vya kubadilishia. Lengo letu ni kuwa chini ya 140 kwa 90, na ukiwa na kisukari au shida ya figo au ya moyo, tunashuka hadi chini ya 130 kwa 80.

Kupima kwenyewe kuna adabu zake. Mimi niliwahi kupimwa mahali fulani nikiwa nimetoka kupanda mlima kwa miguu, mkanda wakaufunga juu ya sweta, miguu inaning'inia kitandani, na anayenipima ananiuliza habari za watoto. Nikaambiwa 152 kwa 98. Nilikaa nje chini ya mwembe nusu saa nikapimwa upya kwa utaratibu: 126 kwa 80. Basi wewe ukifika, nenda msalani kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu usiikunje nne, tulia dakika 5 bila mazungumzo. Mkono uwe wazi, ulale juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa na tumbaku visiwe vimepita ndani ya nusu saa. Wakipima mara moja tu, omba kwa upole warudie. Si ujeuri, ni haki yako.

Sasa jikoni. Binti yako ameanza na mawese, mimi nitaanza na chumvi, kwa sababu kwa presha chumvi ndiyo mwenye nyumba.

Mkoa wetu una Uvinza, na chumvi ya pale watu waliisafirisha huku na huku muda mrefu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Labda ndiyo maana mikono yetu imezoea. Mama yangu mzazi hakuwahi kupima chumvi. Alikuwa anafinya kwa vidole vitatu, halafu anaonja, halafu anafinya tena "ya baraka". Baraka hiyo ndiyo tunayoihesabu leo kliniki. Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo mna chumvi yote: ya mboga, ya maharage, ya mkate, ya samaki.

Huwezi kupima kila sufuria, kwa hiyo fanya hivi. Ukifungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu 5 wakitumia gramu 5 kila mmoja, pakiti hiyo inakaa siku 20. Ikiisha siku ya 12, kila mmoja anakula zaidi ya gramu 8, na hapo hujahesabu chumvi iliyoingia kwa mlango mwingine. Mlango huo mwingine kwako ni viungo vya vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo karibu nusu yake au zaidi ni chumvi tupu, na samaki wa chumvi. Usiache ghafla, chakula kitakushinda. Punguza robo, baada ya wiki mbili robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya mwezi au miwili. Kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili hujaza pengo. Na chumvi utakayobaki nayo iwe ile yenye madini joto, hiyo usiikimbie.

Dagaa wako hawana kesi. Nasema kesi kwa sababu ndivyo binti yako alivyowafikisha, kama washtakiwa. Samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake ana protini, ana chokaa ya mifupa, na mafuta yake ni ya jamii inayoufaa moyo. Wengine huko mijini wanaambiwa wale samaki mara mbili kwa wiki, wewe umewaanika mbele ya macho yako. Kinachowaharibu ni tunachowafanyia: chumvi ya kuhifadhia, kisha kuzamishwa kwenye mafuta mengi hadi wawe kama vijiti. Chukua wakavu wasiotiwa chumvi, waoshe mchanga kwa maji ya uvuguvugu, waunge kwa nyanya na kitunguu. Akiwa migebuka wa chumvi, mloweke usiku, mwaga maji, mloweke tena, na mboga hiyo usiitie chumvi nyingine. Ukimwonja ukasema hana ladha, ujue unakaribia pazuri.

Mawese ndiyo magumu kuyasemea, na nimeona madaktari wenzangu wakiyaponda mbele ya Waha kisha wanashangaa mgonjwa harudi. Hapa kwetu maharage bila mawese ni adhabu, na sombe, yaani kisamvu, bila mawese sijui tuiite nini. Basi tuseme ukweli wote. Mawese hayana lehemu (kolesteroli), kwa sababu yametoka kwenye mti. Rangi yake nyekundu ina kirutubisho kinachogeuka vitamini A mwilini. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya ile aina inayoganda, inayoliambia ini liachie lehemu mbaya nyingi kwenye damu. Katika alizeti aina hiyo ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina gramu 7 hivi za mafuta hayo, na kwa mama wa umri wako kikomo cha siku ni kama gramu 20. Vijiko vitatu vimemaliza bajeti, kabla ya maandazi.

Kwa hiyo sikwambii uache. Nakwambia uache kumimina kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko: sufuria ya maharage ya watu 5 iwe na vijiko vitatu, wala si kikombe. Mawese yawe ya mboga yake, mara mbili au tatu kwa wiki, siku nyingine alizeti au karanga za kusaga. Na usiyachome hadi yawe meupe. Najua wengi wanapenda kuyaunguza kuondoa harufu, lakini ukifanya hivyo umefukuza ule wekundu wenye faida na kubaki na mafuta yanayoganda peke yake. Mafuta ya zeituni ni mazuri, sibishani, ila fedha ya chupa ile ni bora ununue mboga, matunda na maharage ya mwezi mzima. Parachichi la Kasulu lina mafuta ya jamii ileile, na halijapanda meli.

Sahani yenyewe ninavyoiona nikitembelea nyumba za watu ni mlima wa ugali wa muhogo na kisima kidogo cha mboga pembeni. Geuza. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, matembele, mchicha, sombe, robo maharage au samaki, robo ugali. Tunda moja au mawili kwa siku, liliwe lenyewe, lisiwe juisi. Chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, nayo ni chakula. Ishushe hadi kimoja. Soda niachie nisiizungumzie, unajua nitakachosema.

Kukimbia: hapana. Hakuna daktari aliyekuagiza ukimbie, hasa kwa magoti hayo. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokupandisha pumzi, sawa na nusu saa siku tano, na unaweza kuzigawa kumikumi. Kipimo chake hakihitaji saa ya mkononi: uweze kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike. Utaniambia, "daktari, mimi nasimama juani kutwa nageuza dagaa." Najua, na kazi hiyo ina faida kuliko kukaa dukani. Lakini kuinama na kusimama hakuupandishi moyo kama mwendo wa mfululizo. Wewe unakaa Mwanga na kazi iko chini ziwani. Una barabara ya bure ya mazoezi ambayo mtu wa Dar anailipia. Mwezi wa kwanza teremka kwa miguu asubuhi, jioni panda bajaji na mzigo wako. Magoti yakikubali, shukia bajaji njiani na umalizie mwinuko bila kubeba kitu, ukipumzika unapotaka. Ukibanwa kifua ukipanda, simama, na siku hiyohiyo uje hospitali. Gunia usilinyanyue huku umebana pumzi, presha hupaa juu wakati ule, waite vijana.

Halafu magoti yenyewe. Hukuandika unameza nini, ila nimekaa Kigoma miaka ya kutosha kukisia. Kama ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, ile ya kununua viwili viwili kwenye kipande cha karatasi, hiyo inaweza kuwa mwizi wako. Dawa za jamii hiyo huufanya mwili ubaki na chumvi na maji, hupandisha presha, huzipinga dawa za presha na huumiza figo. Nimeona presha ikigoma miezi mingi kwa mgonjwa mwaminifu wa vidonge, kumbe anajipaka na kumeza vya mgongo kila jioni. Paracetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi, na kupungua kilo chache kutayasaidia magoti kuliko zote mbili. Kila kilo inayotoka huondoka na pointi kama moja ya ile namba ya juu.

Kuhusu mawazo, "punguza mawazo" ni usemi wa mtu asiyedaiwa. Sitakwambia hivyo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, ili samaki wazaliane, nilipokea akina mama wengi wa mialo kliniki, na sikuwa na kidonge cha kuwalipia marejesho. Hata katika mwezi wa kawaida, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanakaa nchi kavu na fedha inakaa nao. Mwili ukiwa na hofu humwaga homoni zinazobana mishipa na kuukimbiza moyo; hofu ya dakika kumi haina neno, ya kila Ijumaa ina neno. Lakini madhara makubwa zaidi hupita pembeni: mwenye deni halali, anaruka mlo kisha anakula maandazi sita usiku, na fedha ya nauli ya kliniki anaiweka kwenye kikoba.

Basi tushike yanayoshikika. Siku za mbalamwezi unazijua mwaka mzima kabla hazijafika. Kaa na mweka hazina wenu muone kama marejesho ya wiki hizo yanaweza kuwa madogo na ya wiki za giza kuwa makubwa. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilikubali, na mama mmoja wa kikundi hicho presha yake ilitulia bila mimi kubadilisha dawa. Kama ndani yake umechanganya na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, huo ndio wa kuumaliza kwanza, hata kwa kuuza kitu. Jina lake watu hawakukosea.

Usingizi: mitumbwi inatia nanga alfajiri, wewe unaamka saa tisa usiku. Haiwezekani ulale saa sita usiku na moyo usidai. Ukiamka saa tisa, saa mbili usiku uwe kitandani na simu iwe chumba kingine, hata kama binti atapiga. Mwambie apige saa kumi na moja jioni. Wajukuu wakisema unakoroma kwa nguvu na pumzi inakatika katikati, nieleze, hilo lina uhusiano na presha. Na kabla ya kulala kaa kitako, vuta pumzi taratibu puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, dakika kumi. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Mimi hufanya ndani ya gari kabla ya zamu.

Kitunguu saumu na ndimu ulichotumiwa kwenye WhatsApp, maana najua umetumiwa, kitie kwenye mboga ukipenda. Kinashusha kidogo, hakishiki nafasi ya kidonge. Dawa za mitishamba zisizojulikana zimo nini, hizo niletee nizione kabla hujameza.

Dalili za kutosubiri Jumatatu ni hizi: kifua kubana kama kimekaliwa na gunia, maumivu yakielekea bega, mkono au taya, jasho la baridi, pumzi kukata ukiwa umelala, au mdomo kupinda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kukwama. Hapo mtu asikupake mafuta wala kukupa maji. Bajaji, moja kwa moja hospitali ya Maweni, saa yoyote ya usiku.

Vinginevyo Jumatatu asubuhi njoo kliniki. Tutapima mkojo, sukari na figo, na lehemu kama kipimo kipo. Uje na mfuko wa dawa zako zote, pamoja na zile za magoti ulizozifunga kwenye ncha ya kanga.